Mkasi wa Mwaka Huu

Jumatano, 6 Agosti

Kesho tunaondoka! Karakana tumeifunga, cherehani zimefunikwa, na mlangoni tumetundika kibao: Tumesafiri, njooni Jumatatu. Wateja wawili wamekisoma na bado wakagonga. Fundi mwenzangu Kola akawajibu dirishani kwamba nguo zao ziko tayari, zimebaki vifungo tu. Mwongo mkubwa. Hata hazijakatwa.

Naandika kwa herufi kubwa. Nina sababu. Haya, niitaje, daftari halina mdomo: macho yangu ya karibu yamekwisha. Mbali naona. Naona namba ya gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, naona mke wangu akinuna kutoka mwisho wa uwanja. Lakini niletee sindano hapa puani — ukungu mtupu. Hakuna anayejua. Mke hajui, watoto hawajui, na mafundi wenzangu watatu ndio kabisa wasijue, maana keshokutwa ni siku ya mkasi.

Marehemu fundi wetu mkuu alitufundisha kazi sote wanne. Alituachia karakana moja, mkasi mmoja mkubwa wa kukatia, na sheria moja. Kila mwaka tunakwenda bwawani kuvua. Asubuhi ya kwanza, kila mmoja anashika ndoano tupu na kipande cha mshipi. Atakayetunga mshipi kwenye tundu la ndoano, akaufunga kwenye ufito na kuitumbukiza majini kabla ya wenzake, mkasi ni wake mwaka mzima. Yeye anakata, wengine tunashona alichokata. Ilianza kama utani wake akiwa ameshiba. Sasa tunaiheshimu kuliko sheria za barabarani.

Mkasi ninao mimi. Miaka na miaka.

Mwaka huu siwezi kuupoteza. Mezani imetandazwa hariri nyeupe ya gauni la harusi la kitinda mimba wangu. Lilikuwa pande la mwisho dukani, na mwenye duka kaapa halitakuja jingine kama lile. Dada zake wawili niliwakatia mimi. Huyu nilimwahidi tangu anacheza na vipande vya vitambaa chini ya miguu yangu. Vipimo nilishavichukua, nimeviandika kwa chaki ukingoni mwa meza. Mistari nayo nimeshachora. Imenyooka! Nikirudi ni kukata tu.

Jioni nimemwita. Mwanangu, nitungie hizi ndoano, mimi nafunga mizigo. Akatunga tatu huku anaongea na mchumba wake kwenye simu, hata hakutazama. Nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe. Akanikabidhi, akasema: Baba, gauni langu usimwachie mtu mwingine alikate. Nikamwambia nani athubutu.

Ndoano nimezificha ndani ya utepe wa kofia, kila moja na kipande chake cha mshipi. Itabaki kufunga kwenye ufito, na fundo hilo nalifunga hata usingizini.

Si wizi. Ni maandalizi.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumefika. Tope mpaka magotini.

Tumekuja na gari la Kola, yule wetu wa mashati, mwenye maneno mengi kuliko redio. Mbele alikaa Shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi suruali. Nyuma mimi na Dada Lesi, mshona magauni, pamoja na ndoo ya chambo. Dada Lesi haongei sana, lakini akikutazama unajikagua vifungo.

Njiani simu ya Kola ikalia, ujumbe. Kola anaendesha, akampa Shemeji asome. Shemeji akaisogeza, akairudisha, akanyoosha mkono mpaka simu ikagusa kioo cha mbele. Akasema kioo cha simu kimepasuka. Akampa Dada Lesi. Dada Lesi akasema jua linampiga. Akanipa mimi. Mimi nikasema gari likitembea kusoma kunanitia kichefuchefu. Simu ikarudi kwa mwenyewe, akaitia mfukoni. Kola alisema kama ni jambo la maana watapiga.

Lilikuwa la maana! Mwangalizi wa bwawa alituandikia tusipite njia ya chini, imejaa tope. Tumepita njia ya chini. Tumesukuma gari adhuhuri nzima, Kola akiwa ndani anatutia moyo.

Chumba chetu kina vitanda vitatu na dirisha moja linalotazama maji. Dada Lesi ana kachumba kake, ukuta wa mbao katikati. Anasema anasikia tukikoroma na kesho atatupa maksi.

Mwangalizi ni mtu mzuri, ila koti lake! Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, mfuko umeshonwa kichwa chini. Sote wanne tumeliangalia, tukameza mate. Mkewe alipojua sisi ni mafundi nguo alitoka mbio, akarudi na suruali ya mumewe iliyochanika, blauzi isiyo na vifungo na pazia. Sindano na uzi kaleta mwenyewe, mama wa watu. Shemeji akasema samahani mama, tuko likizo. Kola akasema daktari kamkataza. Daktari gani? Dada Lesi akasema vidole vimekufa ganzi kwa safari. Mimi nikasema mikono ina harufu ya chambo, nitaharibu nguo.

Mafundi wanne, na kifungo kimoja hakikushonwa. Mama wa watu akakusanya vitu vyake akaondoka. Nimeona aibu. Nikajiuliza: mimi nina sababu yangu, hawa wenzangu uvivu huu wameutoa wapi?

Ijumaa, 8 Agosti

Mvua. Ilianza alfajiri na haina dalili ya kuacha. Mwangalizi kakataza boti kuingia majini. Siku ya mkasi imesogezwa mpaka kesho. Nilijikaza nisicheke.

Nilitafuta soksi kavu, maana za jana zimeganda kwa tope. Soksi moja ya kijivu ilikuwa nzito. Nikatia mkono. Miwani! Miwani ya kusomea, imekunjwa vizuri, imefungwa kwa kitambaa.

Mke wangu! Kumbe anajua. Tangu lini? Nimekasirika mpaka nikakaa kitandani na soksi mkononi. Mimi nivae miwani? Katika karakana yetu avaaye miwani anapelekwa kwenye vifungo. Ndivyo marehemu alivyomfanya fundi aliyekuwa kabla yetu, nasi tukamwita Bwana Dirisha mpaka alipoacha kazi. Kola ndiye aliyelitunga jina hilo. Jina langu mimi analo tayari, nina hakika, anangoja siku tu.

Nikaenda chooni na daftari, nikaijaribu, basi tu.

Jamani.

Daftari hili lina mistari! Mistari ya bluu, myembamba, inakwenda ukurasa mzima! Mimi nilidhani karatasi ni tupu. Nimerudi kusoma ya juzi na ya jana: herufi zangu zinapanda kilima, zinashuka, nyingine zimepandana mgongoni. Na haya ninayoandika sasa hivi yamekaa sawa, kama ya mtu mwenye akili zake.

Nimekaa humo chooni muda mrefu. Nimesoma maandishi ya pakiti ya sabuni. Nimetazama kucha zangu. Nimetazama mikono yangu, ina mikunjo ambayo sikuwa na habari nayo.

Shemeji akagonga. Tumbo, shemeji? Nikasema tumbo. Baada ya chakula cha mchana nikarudi tena kuandika, na saa kumi tena. Sasa wote wanaamini nimeharisha. Dada Lesi kanikorogea maji ya chumvi na sukari, kanisimamia mpaka nikamaliza kikombe. Chumvi ilizidi mno! Anasema alipima kwa kijiko cha chai. Kijiko kile ni cha kupakulia wali, nimekiona mwenyewe — nilikuwa nimetoka chooni sasa hivi, macho bado yana nguvu.

Jioni tumecheza karata. Kola anazishika mbali, mkono umenyooka, nadhani anaogopa Shemeji asimchungulie. Shemeji akatupa kopa akisema shupaza. Tukabishana. Hakuna aliyeinama kuikagua ile karata. Tulibishana kwa kumbukumbu.

Nimeanza kuwaza jambo. Hapana. Haiwezekani wote.

Ninaloliogopa niliandike, nilitoe kifuani. Tuseme kesho nimeshinda. Jumatatu nasimama mbele ya ile hariri na mkasi. Mkasi ukishapita umepita, hakuna kufumua. Nitakata kwa mazoea, kwa mkono, kama nilivyokata mwaka huu mzima. Je, mkono ukinidanganya? Na nikishindwa, nitamtazamaje binti yangu usoni? Nikivaa miwani nimekwisha, nisipovaa gauni limekwisha. Naogopa. Basi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mdomo wa juu umevimba, umefika karibu na pua. Naandika nikiwa nimeuwekea kitambaa cha maji baridi. Niandike kwa utaratibu, maana hili nitataka kulisoma uzeeni.

Asubuhi wingu, maji yametulia. Tukaingia kwenye boti wanne, tukapiga makasia mpaka katikati. Mwangalizi akabaki ukingoni na lile koti lake, yeye ndiye wa kuhesabu. Miwani nilikuwa nayo, mfuko wa shati, nimeufunga kifungo. Kwa nini niliichukua? Sijui. Nilijiambia mke asije akasema nimeipoteza.

Tukapeana migongo. Hii sheria ya kupeana migongo aliileta Kola mwaka juzi, ati mtu asimwibie mwenzake ufundi, na sote tuliikubali papo hapo bila mjadala. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Moja! Mbili! Tatu!

Nikajifanya nahangaika na ndoano tupu. Nikaiacha ianguke. Nikavua kofia kama mtu anayejikuna, nikachomoa ile iliyotungwa. Mpaka hapo safi. Kilichobaki ni kushika ufito kwa mikono miwili nifunge mshipi. Sasa ndoano niiweke wapi?

Nikaiweka nilipozoea kuweka pini. Mdomoni! Miaka thelathini nikimpima mtu pini zangu zinakaa midomoni, nazungumza nazo, nacheka nazo, nimepiga nazo chafya. Mkono haukuniuliza. Ukafanya tu.

Fundo likakaza. Nikasikia Shemeji nyuma yangu akipiga kelele: Yangu tayari! Nami nikafumbua kinywa niseme hata yangu — na ndoano si pini. Pini hainyakui. Ndoano ikanyakua.

Sikupiga kelele. Nilitoa sauti fulani. Mwangalizi anasema aliisikia kutoka ukingoni akadhani ni ndege.

Wakageuka wote. Kola akacheka mpaka boti ikayumba. Dada Lesi akasema tulia kaka, nione. Akainama usoni kwangu. Akarudi nyuma kidogo. Akarudi tena. Akarudi nyuma mpaka akakaribia kutumbukia majini. Akasema: Kola, hebu wewe, mimi mkono wangu mzito. Mkono wa Dada Lesi mzito! Anayeshona shanga gizani! Kola akasema yeye anaogopa damu. Mtu anayejichoma sindano kila siku ya Mungu! Shemeji akasema jua linamwingia machoni. Tukatazama juu sote. Wingu tupu.

Nikawatazama mmoja mmoja, ufito mkononi, mshipi unaning'inia mdomoni. Shemeji akaushika ule mshipi, akaupapasa kwa vidole mpaka kwenye fundo la ndoano. Uso ukambadilika. Akasema taratibu: Hili fundo si lako, shemeji. Hili ni la mpwa wangu. Ana mzunguko mmoja wa ziada, mimi ndiye niliyemfundisha.

Nikafumba macho. Nimekwisha, nikasema moyoni.

Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini: Nalijua kwa sababu hata yangu kanifungia yeye.

Dada Lesi akafungua pindo la kitambaa cha kichwani. Ndoano mbili, zimetungwa. Akasema alimpitia Jumatano jioni, wakati mimi niko kuoga. Tukamgeukia Kola. Kola akatazama maji. Tukazidi kumtazama. Akavua kiatu cha kushoto.

Binti yangu kawatungia ndoano mafundi wanne, kila mmoja kwa siri yake, na hakumwambia mtu!

Wakaanza kuongea kwa pamoja. Tangu lini? Mimi tangu mwaka juzi. Mimi sindano natungiwa na mke wangu asubuhi, hamsini nzima, nazichomeka kwenye mto wa pini. Mimi nashona vifungo kwa kupapasa. Kola akasema kwenye shati la mwalimu mmoja alishona tundu la kifungo mahali pasipo na kifungo, na mwalimu akasema mtindo huo kaupenda. Wanacheka, wanapigana mabegani, wanafutana machozi. Na mimi je? Nimekaa na ndoano mdomoni kama samaki!

Nikapiga mguu sakafuni mwa boti. Nikaonyesha mfuko wa shati. Dada Lesi akafungua kifungo, akatoa miwani.

Waliitazama kama mtu kaleta maiti mezani.

Unadhani waliivaa wanitoe ndoano? Kola akaipokonya, akaivaa, akatazama kiganja chake. Jamani, nina kovu hapa! Shemeji akamvua, akasoma maandishi yaliyochongwa kwenye kasia, akamtazama Dada Lesi, akamwambia dada, kumbe nyusi zina mvi. Akapigwa kofi la mgongo. Kola akaitaka tena. Nikapiga mguu mara ya pili, safari hii juu ya kidole cha Kola.

Dada Lesi akaivaa. Akanishika kidevu. Mkono ule ule mwepesi. Akasema usivute nyuma, tunapitisha mbele, kama zipu iliyouma bitana. Akaisukuma mpaka ncha ikatokea upande wa pili, Kola akaikata kwa koleo la kwenye boti, akigeuza uso pembeni — damu kweli anaiogopa! — na iliyobaki ikateleza ikatoka. Nikatema damu bwawani. Samaki wakaja. Ndio samaki pekee tuliowaona leo.

Mchana, chini ya paa la mwangalizi, Dada Lesi akasema: sasa tufanye kweli. Ndoano mpya, miwani moja, kwa zamu, mwangalizi ahesabu kwa sauti. Hakuna migongo. Hakuna aliyebisha, hata Kola.

Shemeji akafika hesabu ya ishirini na kitu. Kola akatia ulimi wote nje, akamshinda Shemeji kidogo. Zamu yangu. Miwani puani, naona tundu, naliona waziwazi, kubwa, linaniita! Nikapeleka ncha ya mshipi mdomoni niilainishe kama ninavyofanya siku zote. Mdomo haukukutana. Umevimba, haufungi. Mshipi ukabaki umechanua ncha. Nikajaribu kuulainisha kwa mkono, nikajaribu kwa maji ya kikombe. Mwangalizi anahesabu tu, hana huruma.

Dada Lesi hakufika hata saba.

Mkasi ni wake mwaka huu. Nimempa mkono, nimemkabidhi na mkasi niliokuja nao. Nimesema hongera dada, kwa jinsi mdomo ulivyoweza. Yeye hakufurahi. Alisema kaka, mimi sijakata hariri tangu marehemu yuko hai, na ile pale mezani haina ya pili. Nikamwambia sheria ni sheria. Kisha nikaenda kuoga. Nimelia kidogo. Maji yalikuwa baridi.

Baadaye mke wa mwangalizi alipita na ndoo. Dada Lesi akamwita, akamwomba alete zile nguo. Tumeshona zote, miwani ikizunguka: anayetunga anavaa, anayepiga pasi anasubiri. Na koti la mume wake tumemvua kwa nguvu. Tulilifumua mikono yote miwili. Kola alikuwa na raha kuliko siku zote za safari.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika karakanani. Niko kwenye kigoda, daftari liko ukingoni mwa meza ya kukatia. Nitaeleza.

Tumeondoka asubuhi kwa njia ya juu. Mjini tukasimama kwa muuza miwani wa barabarani. Hakuna aliyependekeza, Kola alipunguza mwendo tu, gari likasimama lenyewe. Dada Lesi kachukua nyeusi nyembamba. Shemeji ya duara. Kola alisisitiza fremu nyekundu, muuzaji akamwambia hiyo ni ya akina mama, akasema ndiyo iliyomkaa. Mimi ninayo ya soksi.

Nyumbani nikamwambia mke wangu asante kwa miwani. Akaniuliza miwani gani? Nikatoa. Akaitazama, akasema yeye hajui habari hiyo. Nikatazama chumba cha binti. Hayupo, katoka.

Nikasema napitia karakanani mara moja, nimesahau kitu. Nilitaka kuiona hariri peke yangu, jua likiwa bado lipo.

Mlango haukuwa umefungwa. Ndani yumo Shemeji, miwani ya duara puani, suruali ya mteja mapajani, anafumua. Akashtuka kama mwizi. Akaniambia bila salamu: shemeji, miguu ya suruali hii hailingani. Wala ile. Wala zile pale. Nikasema endelea. Nikaenda mezani.

Nikaivaa. Nikaangalia mistari yangu ya chaki.

Mama yangu!

Ule niliosema umenyooka unakwenda vizuri mpaka kiunoni, halafu unapotea njia. Unaingia ndani vidole vitatu, unatoka, unarudi. Upande wa kulia wa gauni ni wa mtu mmoja, wa kushoto ni wa mwingine. Ningekata hapo. Kesho asubuhi ningekata hapo hapo, kwa kujiamini, huku napiga mluzi.

Nikachukua brashi. Nifute haraka, kabla hajaingia mwingine. Mlango ukalia. Kola! Na fremu yake nyekundu, moja kwa moja kwenye rundo la mashati, bila kututazama. Tukasikia anasema "astaghafiru" mara tatu, kila mara kwa shati lingine. Hajakaa sawa, Dada Lesi kaingia. Na nyuma yake binti yangu.

Binti akasimama mlangoni. Akatutazama sote wanne, miwani kwa miwani. Akashika tumbo, akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwuliza ile ya kwenye soksi ni wewe? Akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamtoka. Nikamwuliza kwa nini hukuniambia. Akasema: Baba, wewe ungeambiwa ungesikia? Ndoano za watu wote karakanani natunga mimi, na gauni ni langu.

Akasimama, akaja mezani. Akaona mstari. Kicheko kikamkauka. Akanitazama mimi, si kitambaa. Nilikuwa bado nimeshika brashi. Nikamwambia ndiyo, ni mimi niliyechora. Nisamehe, mwanangu.

Akaupitisha mkono kwenye hariri, pale mstari ulipopotea.

Dada Lesi akautoa mkasi mfukoni mwa aproni, akauweka mezani. Akasema: futa yote, kaka. Na yeye nampima upya. Wakaingia nyuma ya pazia la kupimia.

Nimefuta. Hariri imebaki nyeupe kabisa, kama siku tuliyoileta. Sasa Dada Lesi anasoma vipimo kwa sauti huko nyuma, nami navilinganisha na nilivyoviandika kwa chaki hapa ukingoni. Bega: nilikosea kidogo. Kifua: nilikosea. Kiuno — Dada Lesi amekitaja mara mbili, nikamwomba arudie ya tatu. Kiuno nilichokiandika mimi kingewatosha binti na mchumba wake pamoja! Kola kakisikia, yuko chini ya cherehani anagaagaa. Shemeji anamwambia anyamaze, na yeye mwenyewe mabega yanamtikisika.

Mkasi uko hapa pembeni ya daftari. Sijaugusa. Si wangu mwaka huu. Naona mkwaruzo mdogo kwenye mpini, sijui ni wa lini, huenda ni wa marehemu.

Dada Lesi amemaliza. Wananong'ona nyuma ya pazia. Sisikii, Kola bado anacheka. Nimemwambia akome.

Dada Lesi anaita. Kaka, njoo na chaki.

Chaki. Haya. Chaki ninayo. Hata kuchora ni heshima, nimeridhika. Nimesimama, naandika nikiwa nimesimama.

Sasa ni sauti ya binti yangu.

Na mkasi, Baba.

Nimemtazama Shemeji. Shemeji katazama dari. Kola kaacha kucheka. Nimeinua mkasi — mdomo unauma ninapotabasamu. Daftari nalifunga.